Dalki ngumu au laini, ya kitambaa au ya mafuta: ipi uchague kwenye tiba ya Kiyunani

Watu wakiamua kwenda kuchuliwa (ndo hiyo dalki) kwa tabibu wa Kiyunani swali lao la kwanza huwa ni mafuta, mnatumia ya zaituni au ya habasoda au yale mekundu ya India, na hapo ndo uchaguzi unapoanza vibaya maana kwenye tiba hii mafuta yanakuja nyuma. Kinachotangulia ni mkono. Unakandamiza kwa nguvu kiasi gani, unachukua muda gani, na ni kiganja kitupu au kitambaa. Ukishajua hayo matatu ndo unauliza chupa. Kwahiyo hapa nalinganisha aina za mkono kwanza, alafu mafuta, alafu hamamu (bafu la joto) na hijama (kuumikwa kwa vikombe) kwa sababu wengi wanakwama hapo hapo, hawajui wachuliwe au wapigwe hijama.

Kwa asiyeijua kabisa: tiba ya Kiyunani ilianza kwa Wagiriki kina Hippocrates na Galen, ikaingia kwa Waarabu na Waajemi, wakaikuza kina Al-Razi na Ibn Sina (huyu aliishi 980 hadi 1037 na kitabu chake cha Qanun bado ndo msingi), na sahivi ngome yake kubwa ni India na Pakistani. India ina vyuo kabisa, ina shahada ya udaktari wa Kiyunani inayoitwa BUMS inayochukua miaka mitano na nusu ukijumlisha mafunzo ya vitendo, ina taasisi ya taifa pale Bengaluru tangu 1984, na Hyderabad kuna hospitali ya Nizamia ambayo ni ya Kiyunani, iko karibu kabisa na Charminar, ule mnara maarufu wa mji huo. Kuchua kunaitwa dalki na kuko kwenye kundi la ilaji bi-tadbiri, yani zile tiba za kuurekebisha mwili bila kumeza dawa, humo humo kuna mazoezi, hamamu, hijama, ruba na kukanda kwa joto.

Na wanachopima kabla ya yote ni mizaji, yani hali ya joto, baridi, unyevu na ukavu ya mwili wako. Mwili una khalti (majimaji) nne: damu ambayo ni joto na unyevu, balghamu (kohozi) baridi na unyevu, safra (nyongo ya manjano) joto na ukavu, sauda (nyongo nyeusi) baridi na ukavu. Tabibu anashika mshipa wa mkononi, anauliza unalalaje, choo, mkojo, unapenda joto au kivuli, anagusa ngozi. Kwa watu wa pwani hii sio lugha ngeni, wazee wetu wanasema hivyo hivyo kuhusu baridi na joto la mwili na vyakula vyake. Tabibu asiyeuliza lolote kati ya hayo, akakulaza tu na kuanza kusugua, huyo anakuchua kawaida, ambayo haina ubaya, ila usiilipie kama dalki.

Ngumu au laini

Dalki sulbu ni ile ya nguvu, mkono unazama. Dalki layyini ni laini, mkono unateleza juu na kubonyeza kidogo. Kanuni yake ni ya kale sana, Hippocrates alishasema kusugua kwa nguvu kunakaza mwili, kwa ulaini kunalegeza, kwingi kunakondesha na kwa wastani kunajenga nyama. Galen akaichukua akaipanga vizuri zaidi, nguvu tatu (ngumu, laini, wastani) ukizidisha na muda wa aina tatu (mfupi, mrefu, wastani) unapata aina tisa, na Ibn Sina naye akaipokea kwa mtindo huo.

Sasa soma tena hapo, ngumu INAKAZA. Hili ndo watu hawalikubali kirahisi kwa sababu tumezoea kwamba ukitoka umeumia ndo umechuliwa vizuri. Mtu kashinda kwenye kompyuta, shingo haigeuki, mabega yamepanda juu, anamwambia mchuaji weka nguvu zote. Kwa mantiki ya Kiyunani huyu ndo hasa wa laini, kwa sababu tatizo lake tayari ni kukazana, ukimwongezea mkono mgumu, mwili unajibu kwa kujikaza zaidi, na kesho yake anaamka na maumivu anasema sumu zinatoka. Hamna sumu inayotoka, ni misuli imepigwa.

Ngumu ina watu wake. Mtu aliyelegea, ametoka kwenye ugonjwa wa kulala kitandani, nyama ya mapaja ni teketeke, balghamu imemzidi, anasikia uzito na uvivu mwili mzima, huyo anafaa kuchuliwa kwa mkono unaopanda pole pole kutoka laini kwenda wa nguvu, siku hadi siku. Hata yeye hauanzi na nguvu siku ya kwanza. Mtu wa safra, mwembamba, ana joto, halali vizuri, hasira karibu, mi ningempa laini tu na muda mfupi.

Ukiwa hujui wewe ni yupi chagua laini. Laini iliyokosewa unapoteza pesa na nusu saa, ngumu iliyokosewa unaweza kukaa wiki hugeuzi shingo.

Ndefu au ya wastani

Dalki kathiri ni ya muda mrefu na ndo ile wanayosema inakondesha, dalki mutadili ni ya wastani na inajenga. Kwenye matibabu ya unene wa kupindukia matabibu wa Kiyunani wanaiandika kathiri, mara nyingi pamoja na kitambaa kikavu, na hapa nataka niwe wazi kwa sababu kuna watu wanauziwa vifurushi vya kupunguza tumbo kwa kuchuliwa. Hao hao walioandika kathiri waliiandika pamoja na kupunguza chakula, mazoezi na hamamu, hawakuiandika peke yake. Mafuta ya tumboni hayasuguliki yakaondoka. Ukipewa kifurushi cha kuchuliwa tu bila mtu kukugusia unachokula basi huo ndo mstari wa kuacha.

Mutadili naipenda kwa watoto waliokonda baada ya kuugua na kwa watu wazima wanaorudi kazini baada ya homa ndefu. Haina makeke na ndo inayokosewa mara chache.

Kitambaa au kiganja

Hii wengi hawaijui kabisa na mi naona ndo sehemu yenye utamu wa tiba hii. Dalki khashini inafanywa kwa kitambaa kigumu, taulo iliyokakamaa au kitani cha kukwaruza, kikavu, kwa mikupuo ya haraka haraka, na kazi yake ni kuvuta damu ije juu kwenye ngozi upesi. Dalki amlasi ni kiganja au kitambaa laini, taratibu, kazi yake ni kuikusanya damu na kuituliza kwenye kiungo chenyewe.

Ukitaka kuona tofauti angalia shavu la mguu likifanyiwa zote mbili. Upande wa kitambaa vinyweleo vinasimama, ngozi inapata moto chini ya vidole ndani ya dakika chache (kwa ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu, pima kwa mgongo wa mkono utasikia joto), na mwenye mguu anasema anasikia kama kuwashwa kwa mbali. Upande wa kiganja hakuna kitu cha kuona, ngozi imetulia, ila ukibonyeza nyama utaikuta imeachia na imekuwa nzito. Hiyo ndo tofauti na ndo sababu huwezi kubadilisha moja kwa nyingine.

Khashini nzuri kwa mtu anayelalamika ganzi, miguu baridi, mzee ambaye mwili hautaki kupata joto asubuhi. Mbaya kwa ngozi kavu yenye ukurutu, mbaya kwa mwenye vidonda, na nasisitiza hapa, MBAYA kwa mgonjwa wa sukari ambaye nyayo zimeshapoteza hisia. Ganzi ya sukari inafanana na ganzi ya baridi ukiielezea kwa mdomo, lakini huyu wa sukari ukimchubua hatakwambia inauma kwa sababu hasikii, kidonda kinaanza bila mtu kujua. Kama una sukari sema kabla hujavua viatu, na tabibu asipoiangalia miguu yako kwanza usikubali kitambaa.

Kuhusu wazee Ibn Sina ana maelekezo mazuri sana ambayo mi nashangaa hayafuatwi: dalki ya mzee iwe ya wastani kwa nguvu na kwa kiasi, viungo vilivyo dhaifu na sehemu ya kibofu visiguswe, na ikifanywa mara kadhaa basi itumike vitambaa vya kukwaruza au mikono mitupu. Kwahiyo kumpeleka baba wa miaka sabini kwa kijana mwenye nguvu anayekandamiza kwa kiwiko ni kinyume kabisa na kitabu.

Kabla ya zoezi na baada ya zoezi

Wanamichezo hii ni yenu. Kuna dalki ya istidadi, ya kujiandaa, inaanza laini alafu inapanda nguvu kadri zoezi linavyokaribia, na kuna dalki ya istirdadi, ya kurejesha, inafanywa baada ya zoezi, nayo ni laini na ya mafuta. Katika hii ya pili Ibn Sina anaelekeza mtu ajinyooshe viungo na abane pumzi wakati anachuliwa ili mabaki ya uchovu yasukumwe nje. Mi sehemu ya kujinyoosha naikubali moja kwa moja, ya kubana pumzi kama una presha iache kabisa, pumua kawaida.

Ukilazimika kuchagua moja kwa sababu ya muda au hela chagua ya baada. Ya kabla unaweza kuibadilisha na kupasha mwili moto kwa kukimbia kidogo.

Sasa mafuta

Ukishajua mkono, mafuta yanakuwa rahisi kwa sababu yanafuata kanuni ya kinyume: ugonjwa wa baridi unapewa mafuta ya joto, ugonjwa wa joto unapewa ya baridi. Roghani (yani mafuta) ya babuna ni joto la wastani, ni maua ya babuna (chamomile) kwenye mafuta ya ufuta, inafaa maumivu ya viungo na uvimbe mkavu, na kwa anayeanza ningemwambia aanzie hapa. Roghani ya qusti (mzizi wa kust) ni ya joto kali zaidi, wanaitumia kwa ganzi na kupooza. Ya suranjani ni ya viungo, na chupa yake iweke mbali na watoto kwa sababu mmea wenyewe ni sumu ukiumeza. Upande wa baridi kuna roghani ya waridi ambayo inawekwa kichwani kwa maumivu ya kichwa ya joto, na ya banafsha (ua la violet), hii ni baridi na unyevu, wanapaka utosini na nyayoni kwa mtu asiyelala na kichwa kikavu.

Hapa ndo utaona kosa la kuanza na chupa. Mtu anasikia qusti ni nzuri ananunua, kumbe yeye ni wa safra, mwili unawaka tayari, anajipaka joto juu ya joto anakesha. Mafuta ya ufuta matupu yaliyopashwa vizuri na mkono sahihi yanashinda roghani ya bei na mkono usio sahihi, na hilo nalisema kwa sababu hayo ya chupa ndogo za kuagiza bei yake inaumiza.

Namna ya kupasha nayo angalia. Bakuli la mafuta linawekwa ndani ya bakuli la maji ya moto, sio juu ya moto wenyewe, mchuaji anachovya kidole anajipaka ndani ya kifundo cha mkono wake, akiona anayastahimili ndo anamwaga kwenye kiganja chake na sio moja kwa moja mgongoni kwako. Chumba kiwe na joto, feni imezimwa. Na usiwe umetoka kula, subiri chakula kishuke, hilo ni sharti la kitabu na ni sharti la akili pia.

Kavu au mafuta? Kavu kwa unene, uzito, unyevu mwingi mwilini. Mafuta kwa ukavu, uchovu, maumivu, na karibu kila mzee.

Dalki, hamamu au hijama

Hamamu na dalki sio wapinzani, zamani zilikuwa zinakwenda pamoja, unaingia chumba cha vuguvugu alafu cha joto, mwili ukilainika ndo unachuliwa. Unguja pale Hamamni bado jengo lipo, lilijengwa zama za Sultan Barghash aliyetawala 1870 hadi 1888, kwa mtindo wa Kiajemi, lilikuwa la watu wote ingawa leo ni la kutembelea tu. Ukipata sehemu yenye vyote viwili na moyo wako na presha viko sawa, chukua vyote, hamamu fupi kwanza. Kama una presha ya juu isiyotulia, una ujauzito au unazimia zimia kwenye joto, ruka hamamu uchuliwe kwenye chumba cha kawaida.

Hijama ni hadithi nyingine. Iko ya vikombe bila kuchanja na iko ya kuchanja ambayo inatoa damu. Watu wengi sahivi wanakimbilia ya kuchanja kwa kila kitu, mgongo hijama, kichwa hijama, na mi sikatai hijama ila kwa maumivu ya misuli yaliyoanza karibuni dalki inatosha na haifungui ngozi. Inayofungua ngozi ina mambo yake, wembe mpya, glavu, vikombe vya kutumia mara moja, na anayekunywa dawa za kulainisha damu asiguswe kabla hajaongea na daktari wake. Nikipanga ngazi: maumivu ya misuli anza dalki, yakiwa ni sehemu moja yenye baridi na mkazo uliogoma ongeza takmidi (kukanda kwa kifurushi cha moto) au vikombe vikavu, ya kuchanja ibaki ya mwisho na kwa tabibu aliyesomea.

Tabibu, spa au fizio

Ukitaka kupumzika tu spa inatosha, huna haja ya kupimwa mizaji. Ukiwa na maumivu ya mgongo ya mara kwa mara, baridi yabisi, mwili mzito usioeleweka, hapo tabibu wa Kiyunani ana kitu cha kukupa zaidi ya spa kwa sababu atagusa chakula, usingizi na mwenendo pamoja na kuchua. Ila usitegemee makubwa kupita kiasi, uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 25 kuhusu kuchua kwa maumivu ya mgongo wa chini na ulichoona ni nafuu ya muda mfupi, tena kwa ushahidi dhaifu. Nafuu ya muda mfupi ni kitu kizuri ukiitumia kuanza kutembea na kufanya mazoezi, ukiitumia kurudi kukaa haisaidii.

Kiharusi ni jambo la peke yake. Kwenye Kiyunani kupooza kunaitwa faliji na dalki ya mafuta ya joto ni sehemu kubwa ya tiba yake, lakini haifanywi siku za mwanzo, na mtu mdomo umepinda au mkono umeanguka ghafla ni hospitali SAA HIYO HIYO, dakika zinahesabika, mafuta hayana kazi hapo. Baadae akishatulia, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) ndo uti wa mgongo wa matibabu kwa sababu anamfundisha kutumia mkono tena, na dalki inakaa pembeni kulainisha na kupasha. Ukiwa na hela ya kimoja chukua fizio.

Na hawa wasichuliwe na yeyote: mwenye homa, mwenye jongo lililowaka, kiungo chekundu cha moto, mfupa uliovunjika, na mtu ambaye mguu mmoja umevimba ghafla unauma na una joto. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa, ukimsugua inaweza kung'oka ikapanda kwenye mapafu. Apelekwe akapimwe.

Kwahiyo mama mwenye magoti yanayokaza asubuhi, hana sukari, hana uvimbe wa moto, mi ningempeleka kwa dalki laini ya wastani, babuna au ufuta wa moto, juu na chini ya goti bila kukandamiza goti lenyewe, alafu atembee kidogo akiwa bado na joto. Kijana wa gym istirdadi jioni. Mtu wa ofisini mwenye shingo, laini, amlasi, dakika ishirini, na kiti chake cha kazini kibadilishwe wiki hiyo hiyo.